Taa Kali za Biashara na Usingizi wa Jirani

Zamani si nyingi, mtu aliyetaka chumvi au kiberiti usiku katika vijiji vya Biharamulo na Ngara alikwenda dukani akiongozwa na mwanga wa kibatari, au wa karabai kama mwenye duka alikuwa na uwezo. Mwanga ule ulitosha kuonyesha bidhaa na kuhesabia chenji. Duka lilipofungwa taa ilizimwa mara moja, kwa sababu mafuta ya taa yalinunuliwa kwa fedha, wala hapakuwa na mtu aliyependa kuyachoma bure. Basi mwenye duka akalala, na jirani yake akalala.

Siku hizi mambo ni mengine. Umeme umefika katika vijiji vingi, na mwenye duka, mwenye baa, mwenye mashine ya kusaga na mwenye kituo cha mafuta wote hutundika taa nje ya majengo yao, nazo huwaka mpaka asubuhi. Hilo ni jambo la kushukuru. Walakini katika sehemu nyingi maduka na nyumba za kulala zimejengwa ukuta kwa ukuta, na mwanga haujui mpaka wa kiwanja. Huingia dirishani kwa jirani bila kubisha hodi.

Katika makala haya nataka kueleza kwa nini taa za leo zina nguvu kupita zile za zamani, mwanga huo humfanya nini mtu aliyelala, na jinsi mfanya biashara awezavyo kupata mwanga wote anaouhitaji bila kumnyima jirani giza lake. Nasema "giza lake" kwa makusudi, kwa kuwa giza la usiku nalo ni haja ya mwili, kama maji na chakula.

TAA HIZI ZIMETOKA WAPI?

Mambo mawili yamekutana. La kwanza ni kuenea kwa umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ukaanza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimesimamishwa hata mahali ambapo wazee wetu hawakutazamia kuziona. Hapa karibu nasi, kwenye maporomoko ya Rusumo katika wilaya ya Ngara, maji ya mto Kagera sasa huzungusha mitambo ya megawati 80, na umeme wake hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

La pili ni taa ya LED. Kwa miaka mingi mafundi wa dunia waliweza kutengeneza LED nyekundu na za kijani, lakini ya buluu iliyo na nguvu iliwashinda, na bila ya buluu haikuwezekana kupata mwanga mweupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura (huyu wa mwisho amekuwa raia wa Marekani), ndio waliolifumbua fumbo hilo, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kwa kazi yao taa ndogo itumiayo umeme kidogo hutoa mwanga mwingi. Ndiyo sababu mtu ambaye zamani angenunua balbu moja ya kumulika mlango, leo hununua taa ya kumulika uwanja mzima wa mpira, akaifunga juu ya mlango huo huo.

Mahali pa kuona jambo hili wazi ni kwenye barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Nyakanazi, Lusahunga na Benako ni vituo ambapo madereva hupumzika, hula na kulala, na biashara hukesha kwa ajili yao. Mwenye hoteli ana haki ya kuwaonyesha wageni kwamba amefungua. Lakini nyuma ya hoteli hiyo kuna familia, na watoto wao wanapaswa kuamka alfajiri kwenda shule. Hata kwetu Runazi, na katika kata nyingine zilizo mbali na barabara ile, kila fremu mpya ya duka ijengwayo kando ya nyumba huleta swali lile lile.

HESABU YA MWANGA

Wanafunzi wa fizikia watafurahi kujua kwamba ugomvi huu waweza kupimwa. Kipimo cha mwanga unaoangukia mahali huitwa lux. Mshumaa mmoja ukiwashwa gizani, kitu kilicho umbali wa mita 1 hupata mwanga wa lux 1 hivi. Mbalamwezi, mwezi ukiwa mpevu na mbingu nyeupe, ni kama robo ya lux tu, na bado mtu hutembea njiani bila kujikwaa. Jua la mchana kweupe laweza kufika lux 100,000.

Sasa tuchukue taa ya LED ya wati 100, ya namna ile ifungwayo ukutani mbele ya maduka. Kwa kuwa imetengenezwa kutupa mwanga wake upande mmoja, mtu aliye mbele yake huipata kama mishumaa 3,000 hivi iliyowashwa pamoja. Kanuni yasema kwamba mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Maana yake ni nyepesi. Mkulima akitawanya kilo moja ya mbegu katika shamba la hatua 10 kwa 10, kisha akatawanya kilo kama hiyo katika shamba la hatua 20 kwa 20, shamba la pili ni kubwa mara nne, kwa hiyo kila mahali patapata robo ya mbegu. Ndivyo mwanga unavyotawanyika.

Basi tugawanye. Katika dirisha lililo mita 10 mbele ya taa hiyo, 3,000 kwa 100 ni lux 30. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya mbalamwezi. Katika dirisha la mita 20 ni lux 7 na nusu. Hata aliye mita 40, ng'ambo ya barabara, hupata karibu lux 2, yaani mara nane ya mwezi mpevu, kila usiku, mwezi uwepo usiwepo. Kwa hiyo mtu asemaye, "Taa yangu iko mbali nawe, haikudhuru," na afanye hesabu hii kwanza.

Tena kuna jambo la rangi. Juu ya boksi la taa huandikwa namba yenye herufi K. Taa ya 2,700K au 3,000K hutoa mwanga wa manjano, unaokaribia ule wa balbu za zamani. Taa ya 6,500K hutoa mweupe wa kielekea buluu, na hiyo ndiyo iliyojaa madukani. Tutaona sasa kwa nini namba hiyo si jambo dogo.

MWILI NA USIKU

Ndani ya kila mtu kuna saa isiyo na mishale. Saa hiyo imo katika ubongo, nayo husahihishwa kila siku kwa mwanga uingiao machoni. Wataalamu waligundua, mnamo mwaka 2002, kwamba nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa si kuona sura za vitu bali ni kuuarifu ubongo kama ni mchana au ni usiku. Chembe hizo huitikia zaidi mwanga wa buluu, kwa kuwa mbingu ya mchana ni ya buluu. Giza likiingia, tezi ndogo iliyo ndani ya kichwa hutoa homoni iitwayo melatonini, nayo huutangazia mwili wote kwamba usiku umefika. Mwanga ukiendelea kupiga macho, hasa ule mweupe wa kielekea buluu, homoni hiyo hupungua au huchelewa, na usingizi huchelewa nayo.

Wengine husema, "Fumba macho tu, utalala." Lakini kope si ukuta. Mwanga mkali hupenya ngozi ya kope, ndiyo maana mtu hujua kumekucha hata kabla hajafumbua macho. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walitangaza matokeo ya uchunguzi waliowafanyia vijana 20 wenye afya. Wale waliolala usiku mmoja tu katika chumba chenye lux 100 mapigo yao ya moyo yalikuwa juu zaidi usiku, na asubuhi miili yao ilishindwa kuitumia sukari vizuri kama kawaida. Lux 100 ni nyingi kuliko zile 30 za mfano wetu, lakini mfano wetu nao si wa usiku mmoja. Jirani hulala chini ya taa ile miezi na miaka.

Kwetu sisi wanafunzi jambo hili lina uzito wa pekee. Akili huyapanga masomo ya mchana wakati wa usingizi. Mwanafunzi wa kutwa ambaye chumba chake kinatazamana na baa huja darasani amechoka, na mwalimu humdhania mvivu. Mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa na mzee asiyepata usingizi kwa urahisi, hao nao hulipa gharama ya taa wasiyoinunua.

Hata mimea husoma usiku. Soya, na aina nyingi za mtama, hupima urefu wa giza ili zijue wakati wa kuchanua. Zikipandwa karibu na taa iwakayo usiku kucha huendelea kuota majani mabichi hali wenzake shambani wamekwisha kuzaa. Na wadudu, kila mtu amekwisha kuwaona: taa nyeupe iliyo karibu na dirisha huleta nondo na kumbikumbi, na nyuma yao huja mijusi na vyura. Taa ya manjano huwavuta wachache zaidi.

BIASHARA YA TAA KATIKA MKOA WETU

Katika mkoa wetu wa Kagera iko biashara ambayo mtaji wake ni taa kali yenyewe, nayo ni utegaji wa senene. Zamani senene waliokotwa majanini alfajiri, wakiwa bado wamezizima kwa baridi. Siku hizi, majira ya mvua yanapofika, hasa Novemba na Desemba, wategaji wa Bukoba, kama wenzao wa Masaka nchini Uganda, husimamisha mabati yanayong'aa juu ya mapipa na kuwasha balbu kubwa kabisa. Senene wanaoruka usiku huujia mwanga, hugonga bati, huteleza na kuingia pipani. Asubuhi huuzwa sokoni kwa bei nzuri.

Kwa nini huujia mwanga? Watu wengi hudhani wadudu huupenda, au huufikiri kuwa mwezi. Mwaka 2024 wataalamu walioupiga picha mruko wa wadudu kwa kamera za kasi walionyesha jambo jingine. Mdudu arukapo usiku huugeuzia mgongo upande ulio na mwanga, kwa kuwa tangu kale upande huo ulikuwa juu mbinguni. Akikuta taa kando yake, mgongo wake huielekea taa, basi huzunguka hapo asijue kutoka. Mwanga umempotezea mahali pa juu na mahali pa chini.

Hakuna mtu wa Kagera atakayetaka senene wakatazwe. Ni chakula cha heshima na fedha ya ada za watoto. Lakini biashara hii yafundisha jambo. Wategaji wenyewe hupatwa na maumivu ya macho na ya ngozi kwa kukesha karibu na balbu hizo, na wengine huvaa miwani myeusi usiku. Kama anayelipwa kwa taa ile huona haja ya kujikinga, jirani asiyelipwa kitu afanyeje? Tofauti ni kwamba msimu wa senene hupita. Taa ya baa haina msimu.

LAKINI WEZI JE?

Hapa ndipo mwenye duka anapostahili kusikilizwa. Ameweka akiba yake yote ndani ya mlango mmoja. Akizima taa, huona ameukabidhi mlango huo kwa wezi. Hofu hiyo si ya mchezo.

Ila tuitazame taa yake vizuri. Taa kali iliyoelekezwa mbele, usawa wa macho, humtia kiwi kila aitazamaye. Mlinzi na mpita njia hawawezi kuona kilicho nyuma yake wala pembeni. Tena jicho likishatiwa kiwi huhitaji muda mrefu, hata nusu saa, kulizoea giza tena sawasawa, na kivuli kilicho kando ya taa kali huonekana cheusi kuliko giza la kawaida. Katika kivuli hicho ndimo mwizi apendamo kusimama. Taa ndogo iliyoinamishwa chini, ikamulika mlango, kufuli na hatua chache za uwanja, humwonyesha mtu yeyote asogeaye, wala haimpofushi mlinzi.

Na kuna hesabu ya mfuko. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 12 kila usiku hula uniti 1.2, na kwa usiku 30 ni uniti 36 za LUKU. Ikizimwa saa tano usiku, baada ya kuwaka saa tano tu, hula uniti 15 kwa mwezi. Uniti 21 zimeokolewa. Akiweka badala yake taa ya wati 10 ya kulinda mlango kwa zile saa saba zilizobaki, atatumia karibu uniti 2 tu. Basi bado amebakiwa na 19, mlango una taa, na jirani amelala.

YAFAAYO KUFANYWA

Dawa yake si ngumu, wala haihitaji mtaalamu kutoka mbali.

Kwanza, taa iinamishwe itazame chini. Ukisimama kwenye dirisha la jirani usiione balbu yenyewe, kazi imekwisha kwa sehemu kubwa.

Pili, taa ifunikwe juu na upande wa jirani. Fundi bati aweza kukata kipande cha bati na kukikunja kama kofia kwa dakika chache.

Tatu, taa ichaguliwe kwa kadiri ya kazi yake. Mlango wa duka si uwanja wa mpira.

Nne, isomwe namba ya K juu ya boksi, ichukuliwe 3,000K au chini yake. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa shauri hilo hilo kwa taa za barabarani mwaka 2016.

Tano, taa za mapambo na za matangazo zizimwe biashara ifungwapo. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Duka lenye bidhaa safi na lugha nzuri halitapoteza mteja kwa kuzima tangazo saa sita za usiku, wateja wakiwa wamelala.

Nchi nyingine zimeyaandika mambo haya katika sheria. Mji wa Flagstaff katika jimbo la Arizona, Marekani, ulipiga marufuku taa za kurunzi za matangazo tangu mwaka 1958, ili wanajimu wa mji huo waendelee kuziona nyota. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2005, iliuhesabu mwanga umkerao jirani kuwa udhia wa kushtakiwa, kama moshi na kelele. Ufaransa, tangu Julai 2013, iliamuru taa za madirisha ya maduka zizimwe kufikia saa saba za usiku.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 humpa kila mtu aishiye nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kwa upande wa kelele zipo kanuni za mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limewahi kuzifungia baa kwa ajili ya kelele. Taa ni ndugu wa kelele: zote mbili huvuka ukuta na kumwamsha asiyehusika. Tena halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikikubaliwa na Halmashauri ya Wilaya, kwa hiyo kijiji kikitaka kuweka saa ya kuzima taa za matangazo hakihitaji kungoja amri ya mbali.

Lakini sheria ni mlango wa mwisho. Mlango wa kwanza ni wa jirani mwenyewe, nao hubishwa mchana, mtu akiwa ametulia, si usiku wa manane kwa hasira. Kijana aende kwa adabu aseme, "Shikamoo, baba. Taa yako inatusaidia sana njiani, twashukuru. Ila mwanga wake unaingia chumba wanacholala wadogo zangu, na hawapati usingizi. Twaomba uiinamishe kidogo. Nikiruhusiwa, nitakuja na ngazi kumsaidia fundi." Wengi wa wenye maduka hawajapata hata siku moja kusimama kwenye dirisha la jirani usiku. Hawajui. Kama mzee hatasikia, ndipo liende kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kisha kwenye baraza.

Na sisi wa shule tusinyoshe kidole kwa wenye maduka peke yao. Shule nazo hufunga taa za ulinzi, na nyumba za watu ziko nje ya ua. Yafaa wanafunzi wa fizikia watoke usiku mmoja pamoja na mwalimu wao, wasimame nje ya ua, wahesabu ni balbu ngapi zinazoonekana wazi kutoka huko. Kila inayoonekana yafaa ivikwe kofia ya bati, na karakana ya shule yaweza kuzikata zote kwa Jumamosi moja.